Nilimutosha

Maiti ilikuwa imelazwa chali kwenye nyasi, hatua mbili kutoka ukingo wa bwawa la samaki. Mtu alikuwa ameifunika kwa koti la kazi lenye matope. Chini ya koti, suti ya kijivu ilikuwa imelowa chapachapa, na mguu mmoja haukuwa na kiatu.

Inspekta Velma Jeptoo alichuchumaa, akalinyanyua koti kwa mkono wenye glavu. Marehemu alikuwa Warren Lindquist, umri wa miaka hamsini na minane, mkuu wa makumbusho ya Jumba la Harcourt. Kisogoni palikuwa na jeraha. Shingoni, chini ya taya, palikuwa na alama za vidole.

"Macho yamefumbwa," alisema Sajenti Olson, mwenzake kazini kwa miaka mitano. "Na si yeye aliyeyafumba."

"Muuaji mwenye haya," Jeptoo alijibu. "Ameua, akaona aibu, akafunika."

Basi hapo hapo alikuwa ameshapotea njia, maskini, na asubuhi yenyewe ilikuwa bado mbichi.

Jumba lile lilisimama kwenye ukingo wa mto, nje kidogo ya Anoka, jeupe, lenye nguzo sita mbele na bustani inayoshuka hadi majini. Zamani za utumwa, Bwana Harcourt aliyelijenga alikuwa na mashamba ya miwa kule Louisiana. Kila kiangazi alipanda na meli ya mvuke kuja huku kaskazini kukimbia homa, yeye na mkewe na watoto na watu aliowamiliki. Huku utumwa ulikuwa haramu kwenye karatasi, lakini karatasi haina macho. Leo watu hulipa kiingilio, wanatazama vikombe vya kaure, wanapiga picha na mawaridi, na siku za Jumamosi watu huoana pale. Jeptoo mwenyewe alikuwa amekuja mwaka jana na akina mama wa kanisani. Walikula keki chini ya nguzo.

"Nani aliyemkuta?" aliuliza.

"Mtunza bustani," alisema Olson. "Mzee wa Kikongo. Kiingereza hana. Huyu wako."

Kesi yoyote yenye Kiswahili ilitua kwenye meza ya Jeptoo. Katika idara nzima hapakuwa na mwingine. Naye hakuchukia hata kidogo. Alitoka Eldoret na A yake ya Kiswahili, na kamusi aliyopewa zawadi mbele ya shule nzima alikuwa nayo mpaka leo. Wakuu walipotaka kuita mkalimani wa simu, yeye husema, "Wa nini? Mimi ni nani?"

Mzee alikuwa kwenye banda la vifaa, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, bila koti, mikono ya shati imelowa hadi mabegani. Jina lake Bahizire, mtu wa Bukavu, miaka sitini na minne. Mlangoni alisimama Jairus Wanjala, Mkenya, mwongoza wageni wa jumba, ndiye aliyepiga simu polisi. Jeptoo alimkumbuka kutoka ile ziara ya mwaka jana: sauti nzuri, mtu wa kuchekesha akina mama. Leo hakuwa na mzaha.

Ukutani palining'inia ubao mweusi. Ulikuwa bado na maandishi ya chaki ya jana: JUMATATU. TOSHA MAGUGU. TOSHA MAWE.

Jeptoo alitabasamu kidogo licha ya maiti iliyoko nje. Alidhani ni orodha ya vitu: magugu yanatosha, mawe yanatosha. Na sarufi yake, jamani!

"Nani ameandika hivi?"

"Mimi," alisema Jairus. "Namwandikia mzee kazi zake kila asubuhi. Naandika vile anavyoongea."

Jeptoo alisogeza kopo la rangi, akaketi mbele ya mzee.

"Pole, mzee."

"Asante, mama."

"Wewe ndiye uliyemwona wa kwanza?"

"Miye."

"Saa ngapi?"

"Saa moja na nusu. Nilikuya kazi, nikamuona."

"Halafu? Ulimfanya nini?"

Mzee aliitazama mikono yake.

"Nilimukamata ku shingo," alisema. "Miye njo nilimutosha."

Kalamu ya Jeptoo ilisimama.

"Rudia, mzee. Polepole."

"Nilimukamata ku shingo. Nikamutosha. Miye peke yangu."

"Kwa nini?"

"Ningemuacha je?" alisema mzee, na hapo akaanza kulia kwa sauti, kama mtu aliyefiwa.

Huko alikozaliwa Jeptoo, mtu akikwambia "ninakutosha" ujue anakunja mikono ya shati. Amekupima, ameona anakuweza. Mtu akisema "nilimtosha", basi vita vimekwisha na mwenzake yuko chini. Na huyu chini alikuwa kweli, na vidole vilikuwa shingoni.

Alimgeukia Jairus. "Umesikia?"

Jairus alikuwa akitazama sakafu. "Nimesikia, Inspekta."

"Amesema nilivyosikia mimi?"

Jairus aliutupia jicho ule ubao.

"Amesema hivyo."

Jeptoo alitoa kadi ya haki za mtuhumiwa, akaisoma kwa Kiswahili sanifu, neno kwa neno. Mzee alimsikiliza bila kuelewa kwa nini mama huyu ghafla anasoma kama padri. Pingu zilipofungwa alizitazama, akamtazama Jairus, akasema kitu kimoja tu: "Jairus, baambie." Jairus alikuwa ameshatoka nje.

Ofisini Jeptoo aliandika taarifa yake kwa Kiingereza kilichonyooka. Mzee alisema "nilimukamata", yeye akaandika alimkaba. Mzee alisema "nikamutosha", yeye akaandika alimmaliza. Hatua mbili ndogo tu. Wakili wa utetezi aliyewekwa na serikali alipofika, kazi yake ya kwanza ilikuwa kumwambia mzee afunge mdomo, na mzee, mtu wa kutii, aliufunga.

*

Alasiri ya siku hiyo Jeptoo alirudi jumbani. Ungamo alikuwa nalo, alitaka sababu. Alimwomba Jairus ampitishe kila mahali, kama mgeni yeyote.

Walipita sebuleni, kwenye kinanda ambacho hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Walipita chumba cha kulia, meza imepangiwa watu kumi na wanne wasiokuja. Halafu Jairus akafungua mlango mwembamba uliofichwa ukutani, wakapanda ngazi ambayo bega linagusa kuta zote mbili. Juu kulikuwa na chumba chini ya paa, joto limejaa, dirisha moja la ukubwa wa kitabu.

"Hapa ndipo walipolala wasaidizi," alisema Jairus.

"Wasaidizi?"

"Ndivyo tulivyoagizwa kusema. Wasaidizi wa familia. Lindquist alisema lile neno lingine linawaharibia wageni siku."

"Nawe hulipendi hilo neno lake."

"Miaka minane, Inspekta. Ziara nne kwa siku." Alicheka bila furaha. "Kuna siku nafika nyumbani nasukutua mdomo."

Jeptoo aliona haya. Mwaka jana alilisikia neno hilo hilo, akaenda zake kula keki.

Walishuka bustanini. Nyuma ya uzio wa mimea palikuwa na shamba la mawaridi, na pembeni yake ardhi iliyopimwa kwa kamba na vigingi.

"Hapa wanajenga nini?"

"Ukumbi wa harusi. Jana asubuhi Lindquist alimwambia mzee aanze kuchimba msingi. Mzee akakataa. Alitupa sepetu chini. Lindquist akamfokea mbele ya wageni."

"Alikataa kwa nini?"

"Sijui. Wazee wana mambo yao."

"Wewe jana ulitoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Wageni wa mwisho wakitoka, mimi nami nina-drive nyumbani."

Jeptoo aliandika. Ugomvi wa asubuhi, fedheha mbele za watu, ungamo. Olson alimpigia kusema kwamba mwendesha mashtaka ameridhika na atafungua shtaka la mauaji Alhamisi kabla ya adhuhuri. Kesi ilikuwa imefungwa kwa siku moja. Kamera za majirani hakuna aliyezigusa. Ukishapata ungamo, nani ahangaike na kamera?

Lakini njia nzima ya kurudi mjini Jeptoo hakuwasha redio. Ile "ningemuacha je" ilimkaa kichwani. Mtu aliyeua kwa hasira halii vile.

*

Jumatano asubuhi daktari wa uchunguzi wa maiti alipiga simu.

"Alikufa juzi jioni, Jumatatu, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili," alisema. "Aligonga kisogo kwenye ukingo wa jiwe, akaanguka majini. Mapafu yamejaa maji ya bwawa."

"Kwa hiyo alianguka akiwa hai."

"Alikuwa anapumua. Amezirai, lakini anapumua. Mtu angemvuta mapema, pengine tungekuwa tunazungumza naye hospitalini."

"Na zile alama za shingoni?"

"Hizo ndizo zinazonishangaza. Chini ya ngozi hakuna damu iliyovilia. Aliyemshika shingo alimshika maiti. Saa nyingi baadaye."

Jeptoo alikaa na simu mkononi. Nani anakaba maiti?

Alimwendea mwendesha mashtaka. Yule alisikiliza akiwa amesimama. "Inspekta, una ungamo ulilolisikia kwa masikio yako na shahidi aliyelisikia pia. Niletee kitu kikubwa kuliko alama." Kesho adhuhuri ilikuwa palepale.

Aliondoka peke yake kwenda Saint Paul kwa mke wa mzee. Ilikuwa ghorofa ya tatu, jengo la matofali, ngazi zinanukia vitunguu vya watu wote. Mlango ulifunguliwa na mama mrefu, kitambaa kichwani, macho mekundu. Emérance alikuwa amerudi kutoka zamu ya ghala kule Shakopee na hakuwa amelala.

"Mama Emérance, mimi ni Inspekta Jeptoo. Ni mimi niliye—"

"Nakujua." Alimtazama kutoka juu hadi chini. Adabu ikashinda hasira. "Ingia. Tosha viatu."

Jeptoo alitazama viatu vyake. Vilikuwa na matope ya bustani. Alishangaa kidogo kuulizwa habari za viatu siku kama ile, lakini akajibu kwa heshima.

"Ndiyo, mama, vinanitosha. Asante."

Akapiga hatua ndani.

"Hapana, hapana!" Emérance alimzuia kwa kiganja, akaonyesha safu ya viatu na ndara vilivyopangwa ukutani kando ya mlango. "Tosha! Tosha viatu!"

Jeptoo bado alisimama kama nguzo. Emérance akaguna, akainama, akaanza kumfungua kamba yeye mwenyewe, kama unavyomfungua mtoto. Akakivuta kiatu cha kwanza. "Njo hivi," alisema. "Natosha hiki. Sasa tosha kile."

Jeptoo alikitazama kiatu mkononi mwa mama.

"Mama," alisema, na sauti yake haikuwa ya inspekta tena. "Ukisema... ukisema nimemtosha mtu. Maana yake nini?"

"Umemutosha wapi?"

"Wapi?"

"Mutu unamutosha mu kitu. Mu shimo. Mu nyumba." Emérance alinyanyuka, kiatu mkononi, na uso wake ukaanza kubadilika. "Mu mayi."

Loo! Kumtosha ni kumtoa. Na "nilimukamata" yake mzee haikuwa kukaba, ilikuwa kushika tu. Nilimshika shingoni. Mimi ndiye niliyemtoa. Ningemwachaje? Mzee wa miaka sitini na minne aliingia kwenye maji ya baridi ya Mei, akamburura mtu mzito hadi kwenye nyasi, akamfumba macho, akavua koti lake akamfunika. Jeptoo akamfunga pingu kwa hilo. Aibu ilimpanda moto hadi masikioni. Kuuliza si ujinga, walimwimbia tangu shule ya msingi, na yeye na A yake hakuuliza.

"Bwana yangu alikwambia nini?" Emérance aliuliza kwa sauti ya chini.

"Aliniambia ukweli," alisema Jeptoo. "Mimi ndiye niliyeuharibu."

Emérance alikiweka kiatu kwenye safu, taratibu, kikiwa sambamba na vingine. Juu ya jokofu palibandikwa barua ya serikali: Ijumaa, saa nne asubuhi, kiapo cha uraia. Suti nyeusi ilitundikwa mlangoni ndani ya mfuko wa dobi. Miaka kumi na mitano ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, miaka sita ya hapa, na vyote viliishia kwenye ile barua.

"Jumatatu alifika hapa saa kumi na moja," alisema Emérance. "Akakula. Akarudia maneno ya kiapo mupaka miye nikayajua. Nani atanisikia? Bibi ya mutu kila siku anasema bwana alikuwa nyumbani."

"Nitakusikia mimi. Mama, siku ile ya Jumatatu alikataa kuchimba. Unajua kwa nini?"

"Ju ya mafupa."

"Mafupa gani?"

"Ya batu. Wiki moja imepita, alikuwa analima ku mawaridi, akaona mafupa. Yalikuwa mingi. Na ya batoto." Alijishika kifua. "Alirudi hapa hakukula. Alisema: hii ni makaburi, bale batu ya zamani, bale babeba miwa ya muzungu. Hata jiwe moja hapana."

"Alimwambia nani?"

"Jairus. Ni nani mwingine anamusikia kule? Miaka sita banakula pamoja. Jairus anaongea kama siye, ukifunga macho unasema ni mutoto wa Bukavu. Alisema: usiogope, mzee, nitaongea na mukubwa."

Jeptoo alichukua viatu vyake.

Sijui, Jairus alisema. Wazee wana mambo yao.

Na tena: naandika vile anavyoongea.

*

Olson alihitaji saa mbili tu kuzipitia kamera. Jirani wa upande wa pili wa barabara alikuwa na kamera getini kwake. Jumatatu, gari la mtunza bustani lilitoka saa kumi. Gari la Jairus Wanjala lilitoka saa moja na dakika ishirini na mbili. Tangu wageni waondoke hadi asubuhi hakuingia mtu mwingine.

Walimkuta kwenye banda la vifaa, anapanga makoleo. Jumba lilikuwa limefungwa kwa wageni. Olson alibaki mlangoni.

"Ndugu Jairus," Jeptoo alisema, "mzee huenda akaachiliwa."

Jairus alishtuka, halafu, ajabu, uso wake ukapata nuru. "Kweli? Mungu ni mwema."

"Akirudi atahitaji kazi ya kwanza. Zile kamba na vigingi kwenye mawaridi, nataka aviondoe. Mwandikie ubaoni."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Vile anavyoongea."

Jairus alifuta ubao kwa kiganja, akachukua chaki. Aliandika haraka, kwa mazoea ya miaka sita: TOSHA KAM

Chaki ikakwama.

Hakugeuka. Jeptoo alimwona mabega yakishuka kidogo kidogo. Nje, bata walikuwa wakigombana bwawani.

"Malizia," alisema Jeptoo.

Hakumalizia.

"Nilikuuliza hapa hapa uliposimama. Nilikuuliza: amesema nilivyosikia mimi? Ukaniambia amesema hivyo."

"Alisema maneno hayo."

"Usinichezee! Ulijua maana yake. Wewe ndiye mtu pekee kwenye bustani hii aliyeijua."

Jairus aliweka chaki chini kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Jeptoo alimsomea haki zake. Alipomwuliza kama anataka wakili alitikisa kichwa, akaketi kwenye ile ndoo ya mzee.

"Jumatatu ulitoka saa ngapi?"

"Saa moja na kitu."

"Mlikutana wapi?"

"Bwawani. Nilimfuata." Alijipangusa chaki kwenye suruali. "Wiki iliyopita nilimwambia habari ya mafupa. Akaniahidi, Inspekta. Alisema atawaita wataalamu wa serikali, pataheshimiwa, patawekwa jiwe. Nililia ofisini kwake, nikamshukuru. Miaka minane nimesema wasaidizi, wasaidizi. Nikasema sasa angalau watu hawa watapata jina lao. Halafu Jumatatu namsikia anamwambia mzee achimbe msingi pale pale. Nikaingia ofisini. Chini ya meza yake kulikuwa na sanduku la plastiki. La kuwekea mapambo ya Krismasi. Amewatia humo."

"Endelea."

"Nikamsubiri wageni waondoke. Nikamwuliza, wewe una mama? Akasema nisikuze mambo, msimu wa harusi ukiisha atatoa taarifa. Nikamwambia hawa ni watu. Akanishika bega, akacheka, akasema: 'Jairus, hao walikuwa wasaidizi waaminifu wa nyumba hii. Wangefurahi kusikia muziki juu yao.'" Aliinua viganja vyake. "Nilimsukuma. Kwa mikono miwili. Kichwa kikagonga jiwe, nikausikia mlio. Akaingia majini kifudifudi."

"Nawe?"

"Nilisimama."

"Muda gani?"

"Sijui. Viputo vilikoma. Nilidhani amekufa pale pale kwenye jiwe."

"Alikuwa anapumua, Jairus. Alipumua maji."

Jairus alijifunika uso. Olson, ambaye hakuelewa neno hata moja, alivua kofia bila kujua kwa nini.

"Na sanduku?"

"Niliwarudisha. Chini ya mawaridi, kwa mikono yangu. Nikawaombea. Asubuhi nilikuja nikiwa nimeamua kusema yote. Halafu mzee akanikimbilia getini amelowa, analia, nikapiga simu, ukaja wewe, ukamwuliza, akajibu, nawe ukasikia ulivyosikia. Sikupanga, Inspekta. Mlango ulifunguka wenyewe. Nikajiambia mahakamani watamleta mkalimani wa kwao, kosa litajulikana. Nikajiambia kesho. Jana nikajiambia leo."

"Alikuita. Alisema, Jairus, baambie."

"Nilimsikia."

"Watu waliokufa miaka mia na sabini iliyopita, hujui hata majina yao, uliua mtu kwa ajili yao. Huyu mzee aliye hai, mliyekula naye sahani moja, ukamwacha anyamazishwe. Ulimfanyia kilekile walichofanyiwa wao."

Jairus aliinua kichwa. Macho yalikuwa mekundu lakini makavu.

"Ni kweli," alisema. "Lakini 'alimmaliza' kwenye ile taarifa uliyonisomea kama shahidi, sikuiandika mimi. Uliiandika wewe. Mimi nilinyamaza, wewe ukaongea kwa niaba yake. Yupi mbaya?"

Jeptoo alimpa Olson ishara, pingu zikafungwa. Kwenye ubao TOSHA KAM ilibaki vilevile, na hakuna aliyeifuta.

*

Bahizire alitoka Alhamisi asubuhi. Jeptoo alibadilisha taarifa yake kwa mkono wake mwenyewe, akaandika kosa ni la nani, akatia sahihi. Mkuu wake aliisoma mara mbili, akamwuliza kama ana hakika anataka ibaki kwenye jalada. Alisema ana hakika. Wataalamu wa makaburi walifika na mahema yao meupe, wakang'oa vigingi. Harusi ya Jumamosi ilihamishiwa hoteli moja Golden Valley.

Lakini karatasi haina macho, na ile ya kiapo ilikuwa na swali: tangu usaili wako, umewahi kukamatwa? Mzee alijaza kweli siku hiyo hiyo: ndiyo. Hakuwa mtu wa kudanganya. Watu wa uhamiaji wakamrudishia barua yake. Jalada litachunguzwa upya, atajulishwa. Miezi, labda zaidi.

Ijumaa saa nne, saa ile ile ya kiapo, Jeptoo alipanda ngazi za ghorofa ya tatu. Mkononi alikuwa na nakala ya taarifa mpya na barua ya kuiomba idara ya uhamiaji iharakishe. Alikuwa ameandika na hotuba ya kuomba radhi, akaikariri garini kama mtoto wa shule, na alipofika mlangoni yote ilikuwa imeyeyuka.

Emérance alifungua, akamtazama, akasogea kando bila salamu. Mzee alikuwa mezani, amevaa suti nyeusi. Alikuwa ameivaa hivyo hivyo. Mbele yake palikuwa na kikombe cha chai kilichopoa.

"Mzee," alisema Jeptoo akiwa kizingitini. "Uliniambia vizuri kabisa. Mimi sikukusikia. Kiapo chako nimekiharibu mimi, si Jairus, na sina cha kukulipa. Nimekuja kusema hivyo tu."

Bahizire hakutabasamu, wala hakusema yameisha, kwa sababu yalikuwa hayajaisha.

"Bale ba mu maua," aliuliza mwishoni. "Balibatosha?"

Safari hii Jeptoo alilipima neno kabla ya kujibu.

"Hawajawatoa, mzee. Watawaacha pale pale. Watawawekea jiwe."

Mzee aliitikia kwa kichwa, mara moja. Akakisogeza kiti cha pili kutoka mezani kwa mguu wake.

"Tosha viatu, mama," alisema. "Ingia."

Jeptoo akainama, akavitosha.